Mganga Hajigangi

Wahenga walinena kwamba mganga hajigangi. Aghalabu methali hii hufasiriwa kama kejeli: mjuzi wa kuponya wengine hushindwa na maradhi yake mwenyewe. Ipo fasiri nyingine isiyo na kejeli. Uganga huanza kwa swali. Mganga huuliza, mgonjwa hujibu, na baina ya swali na jibu ndipo ugonjwa unapopata jina. Mtu mmoja hawezi kuketi pande zote mbili za meza hiyo. Na maradhi yanapomshika mwenzi wa mganga, mtu aliyeishi naye kwa zaidi ya miaka 40, meza yenyewe hutoweka. Hiyo ndiyo fasiri anayoishikilia daktari mmoja mstaafu wa Keumbu, katika Kaunti ya Kisii, ambaye mkewe alipatwa na kiharusi mwezi wa Agosti 2019 na kupoteza uwezo wa kusema.

Keumbu ni kituo cha biashara kando ya barabara itokayo mji wa Kisii kuelekea Keroka. Msafiri hukitambua kwa ndizi: mikungu iliyopangwa ukingoni mwa lami, magari yanayosubiri kupakiwa, na akina mama wanaovutana na wachuuzi kuhusu bei. Nyuma ya maduka mna vilima vyenye migomba, majani chai na mahindi, na maboma yaliyokaribiana kwa sababu ardhi ni finyu na watu ni wengi. Katika mazingira kama haya hakuna ugonjwa wa siri. Anayeugua hujulikana hadi boma la tano, na kabla ya jua kutua ugonjwa wake huwa umekwisha kupewa jina, liwe la kweli au la uongo.

Daktari alistaafu utumishi wa umma mwaka wa 2004 akiwa na umri wa miaka 55, ambao ndio uliokuwa umri wa lazima wa kustaafu kabla ya serikali kuuongeza hadi 60 mwaka wa 2009. Alifungua zahanati ndogo karibu na nyumbani, akaiendesha hadi alipoifunga mwaka wa 2016. Mkewe alifundisha Kiswahili katika shule za msingi tangu 1974 hadi 2008. Majirani humwita mume Daktari na mke Mwalimu. Nao wenyewe wakaitana hivyo hivyo, mwanzoni kwa mzaha, hatimaye kwa mazoea.

Ili kuelewa yaliyompata Daktari uzeeni, hatuna budi kurejea ujanani mwake. Alijiunga na Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka wa 1970, mwaka ule ule chuo hicho kilipojitegemea baada ya kuvunjwa kwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Kitivo cha tiba kilikuwa kichanga, kwani kilianzishwa mwaka wa 1967. Kabla ya hapo Mkenya aliyetamani udaktari alikwenda Makerere, ambako mafunzo ya utabibu yalianza mwaka wa 1924, au alivuka bahari. Kijana aliyetoka katika vilima vya Kisii alijikuta mbele ya maiti iliyolazwa juu ya meza, mkononi ameshika kisu na kichwani amebeba maelfu ya majina ya Kilatini na Kigiriki. Kila mfupa ulikuwa na jina lake, na kila mshipa pia. Alijifunza kwamba mkono una sehemu kadhaa zenye majina mbalimbali, ilhali kwao ni okoboko tu, tangu begani hadi vidoleni, na kwa Kiswahili ni mkono tu. Hakuliona hilo kuwa tatizo. Alidhani ni dalili kwamba anaendelea.

Tatizo lilijitokeza wodini. Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, iliyoanzishwa mwaka wa 1901 kama hospitali ya Waafrika, ikaitwa King George wa Sita mwaka wa 1952 na kubadilishwa jina tena baada ya uhuru, ilipokea wagonjwa kutoka kila pembe ya nchi. Mafunzo yalitolewa kwa Kiingereza. Wagonjwa walisema Kikuyu, Kikamba, Kiluo, Kisomali, Kigusii na Kiswahili cha kila namna. Wanafunzi walifundishwa kwamba sehemu kubwa ya utambuzi wa ugonjwa imo katika maelezo ya mgonjwa mwenyewe, na kwamba maelezo hayo hukusanywa kwa utaratibu usiobadilika: analalamikia nini, ilianza lini, iliendeleaje, amewahi kuugua nini, kwao nani aliugua nini. Maneno hayo yote yalipaswa kuandikwa kwa Kiingereza kabla ya mkuu wa wodi kufika kuwazungukia wagonjwa.

Basi mzee angeeleza kwa utulivu jinsi maumivu yalivyomwanza msimu wa kupanda, akiwa amebeba mzigo, siku aliyopokea habari ya msiba wa nduguye, na jinsi yanavyomjia usiku na kumwacha alfajiri. Muuguzi angetafsiri, na mwanafunzi angeandika maneno matatu: maumivu ya kifua. Msimu ulipotea, mzigo ukapotea, msiba ukapotea. Daktari anakumbuka kwamba hakuna aliyewakemea kwa kupoteza mambo hayo. Waliokemewa ni wale waliochelewa kumaliza. Hivyo mafunzo yalimpa stadi mbili kwa pamoja: ya kuuliza maswali sahihi, na ya kuyafupisha majibu hadi yaingie katika mstari mmoja. Alihitimu mwaka wa 1975, naye alikuwa hodari kwa zote mbili.

Zana za kupimia ubongo wakati huo zilikuwa chache. Mashine ya skani ya kuonyesha ndani ya kichwa ilikuwa imetumiwa kwa mgonjwa kwa mara ya kwanza Oktoba 1971, huko London, na haikuwa kitu ambacho mwanafunzi wa Nairobi angetarajia kukikuta wodini. Walitumia kinyundo cha kugongea magoti, pini ya kupimia hisi, kurunzi ya kumulikia macho, na swali. Swali la kwanza, lililopigiwa mstari katika kila daftari, lilikuwa: ilianza lini?

Asubuhi ile ya Agosti 2019 swali hilo lilimgeukia. Mwalimu aliamka, akajaribu kuketi, akaanguka upande wa kulia. Mdomo ulikuwa umepinda, na mkono wa kulia ulining'inia kama nguo. Daktari hakuhitaji kitabu. Mkewe alikuwa akitumia dawa za shinikizo la damu kwa miaka kadhaa, na dalili zote zilikuwa mbele yake. Walipofika hospitali kubwa mjini, picha ilionyesha kwamba mshipa haukupasuka bali ulizibwa na damu iliyoganda upande wa kushoto wa ubongo. Ipo dawa ya kuyeyusha damu ya namna hiyo, lakini hutolewa katika saa chache za mwanzo tu, takriban 4 na nusu tangu dalili kuanza, kwani baada ya hapo yaweza kuleta madhara makubwa kuliko faida. Daktari kijana aliyekuwa zamu akamwuliza mzee kwa heshima, "Samahani, mzee, ilianza lini?"

Hakuwa na jibu. Walilala saa nne usiku wakizungumza kuhusu ada ya mjukuu. Aliamka saa kumi na mbili. Baina ya saa hizo ugonjwa uliingia chumbani akiwa kando yake, na hakuna mtu duniani awezaye kusema ni saa ngapi. Pasipo jibu hilo, dawa haikuweza kutolewa. Kwa mara ya kwanza maishani mwake Daktari aliketi upande wa pili wa meza, akafahamu jinsi swali fupi linavyoweza kuwa zito kwa anayeulizwa.

Siku ya tatu Mwalimu alitoa sauti. Alisema, "Baba." Akarudia, "Baba, baba." Muuguzi, binti mzaliwa wa Pwani, aliandika kwenye faili kwamba mgonjwa anamwita babake, na akahofu kuwa akili imevurugika, kwa sababu aliambiwa kwamba baba huyo alifariki zamani. Kosa halikuwa la binti. Katika Kigusii, baba ni mama. Mzazi wa kiume huitwa tata. Neno lile lile lenye silabi mbili, ambalo mtoto wa Mombasa humwitia mzazi wa kiume, mtoto wa Keumbu humwitia aliyemnyonyesha. Mwanamke wa miaka 66, aliyefundisha Kiswahili kwa miaka 34 na kuwasahihisha maelfu ya watoto wasichanganye lugha hizo mbili, alikuwa akimwita mamake. Daktari alimweleza muuguzi, naye akafuta alichoandika. Tukio hilo lilikuwa dogo, walakini lilimfikirisha mzee kwa miezi mingi: neno moja lilitosha kumfanya mgonjwa mwenye akili timamu aonekane aliyechanganyikiwa, kwa kuwa tu msikilizaji alikuwa na kamusi nyingine kichwani.

Hali ya Mwalimu madaktari huiita afasia. Mwaka wa 1861, mjini Paris, tabibu Paul Broca alieleza habari za mgonjwa aliyeweza kutamka silabi moja tu, "tan", ilhali alielewa mengi aliyoambiwa. Baada ya kifo chake Broca alikuta dosari sehemu ya mbele ya ubongo, upande wa kushoto. Tangu hapo ikajulikana kwamba usemi una makazi yake, na kwamba makazi hayo yakiharibika mtu anaweza kubaki na fikra, kumbukumbu, mapenzi na hasira zake, akakosa tu njia ya kuzitoa. Afasia si ububu, kwa maana sauti ipo. Si kigugumizi, kwa maana si ulimi unaosita. Si wazimu. Wala si usahaulifu wa uzee. Daktari aliyajua hayo yote kwa Kiingereza tangu mwaka wake wa tatu chuoni. Alipotaka kuwaeleza wanawe, majirani na wazee wa kanisa, alijikuta akitaja mambo ambayo ugonjwa huo sio. La kuutajia wenyewe hakuwa nalo.

Lipo suala jingine ambalo wapenzi wa isimu watalitambua mara moja. Mtu mwenye lugha mbili au tatu akipatwa na afasia, ni ipi itakayorejea kwanza? Mwaka wa 1881 Mfaransa Théodule Ribot alipendekeza kwamba yaliyojifunzwa mapema ndiyo yanayodumu. Mfaransa mwenzake, Albert Pitres, mwaka wa 1895 alidai kwamba hurejea kwanza lugha iliyotumiwa zaidi na mgonjwa kabla ya kuugua. Wagonjwa wengi waliochunguzwa baadaye hawakumtii hata mmoja wao: wengine hurejesha lugha zote sambamba, wengine moja baada ya nyingine. Ubishi huo wa Wafaransa wawili ulihamia katika nyumba moja ya Keumbu. Neno la kwanza la Mwalimu lilikuwa la Kigusii, na Ribot angefurahi. Lakini wiki ya sita alifika mgeni, mwanamume wa makamo, aliyekuwa mwanafunzi wake wa darasa la sita. Alisimama mlangoni, akavua kofia, akasema kama alivyofundishwa, "Shikamoo, Mwalimu." Naye kutoka kitini, bila kutafuta, bila kusita, akaitika, "Marahaba."

Neno hilo si la barabarani katika sehemu za bara. Mtu wa Keumbu hamwamkii jirani yake shikamoo. Ni neno la darasani, na Mwalimu alilidai kwa ukali tangu Kiswahili kilipofanywa somo la lazima na la kutahiniwa chini ya mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka wa 1985. Pitres naye akapata bao lake. Daktari, hata hivyo, hakutaka kushangilia mapema. Alifahamu kwamba maamkizi, kuhesabu, sala na nyimbo mara nyingi hubaki kwa mgonjwa wa afasia hata pale sentensi mpya zinapokataa kuundwa, kwa sababu hutoka kama mnyororo uliokwisha kuunganishwa zamani. Mwalimu aliweza kuhesabu moja hadi kumi, lakini hakuweza kutaja saba peke yake. Aliimba ubeti mzima wa wimbo wa kanisani pamoja na wengine, lakini hakuweza kuomba maji. Na kila alipoulizwa swali, lolote lile, alijibu, "Ndiyo."

Ndiyo hiyo ilikuwa mtihani mkubwa kuliko kimya. Wageni waliifurahia, wakidhani amepata nafuu. Daktari alimwuliza, "Una njaa?" Ndiyo. Baada ya muda, "Umeshiba?" Ndiyo. Akajua kwamba neno hilo lilikuwa mlango unaojifungua wenyewe kwa kila upepo, na kwamba mwenye nyumba hakuwa lazima nyuma yake.

Kazi ya kumwuguza ilikuwa na mipaka yake. Wanao ni wana wa kiume wawili na binti mmoja ambaye ni muuguzi huko Minnesota, Marekani, wanakoishi Abagusii wengi. Chinsoni, yaani kanuni za staha baina ya wazazi na watoto, haziwaruhusu wana watu wazima kuingia chumbani mwa mama yao, sembuse kumwogesha. Wana walipokuja kutoka Nairobi walisimama sebuleni, wakamsalimu kwa sauti kupitia pazia. Hivyo Daktari na mama mmoja jirani, aliyelipwa kwa mwezi, ndio waliomgeuza, wakamwosha na kumfanyisha mazoezi ya viungo. Mwaka wa 2020 ulipofika na korona ikafunga njia, hata sauti za sebuleni zilikoma. Kwa miezi kadhaa watu wazima watatu waliishi katika nyumba ile, na mmoja wao alikuwa na maneno yasiyozidi kumi.

Kisha ikaja Oktoba 2021. Huko Marani, katika kaunti hiyo hiyo ya Kisii, wanawake 4 wazee walishambuliwa na kuuawa kwa tuhuma za uchawi. Habari hizo zilienea nchi nzima. Wakazi wa sehemu hizi hawakuhitaji kuelezwa maana yake, kwani walikumbuka Mei 2008, ambapo watu 11, wengi wao wanawake wazee, walichomwa moto hadi kufa kwa madai hayo hayo. Mzee wa kike anayenung'unika maneno yasiyoeleweka, anayetembea kwa kuburura mguu, anayetoa sauti usiku, ana dalili zote ambazo mnong'ono unazitafuta. Na mnong'ono ulikuwa umekwisha kuanza. Mtoto mmoja aliyetumwa sukari dukani alirudi mbio akisema kwamba bibi yule alimtolea maneno ya ajabu. Mwalimu alikuwa amejaribu kumsalimu.

Wana walipiga simu siku hiyo hiyo. Walitaka mama ahamishiwe Nairobi mara moja. Hoja zao zilikuwa nzito: usalama, hospitali zilizo karibu, wataalamu wa tiba ya usemi ambao Keumbu haina. Binti alikubaliana nao kutoka Minnesota. Wakamwomba baba yao aweke simu karibu na mama, wakamwuliza, "Mama, ungependa kuja Nairobi?" Mama akajibu, "Ndiyo." Kwao shauri lilikuwa limekwisha.

Kwa Daktari ndipo lilipoanza. Ridhaa ya mgonjwa ni jambo alilofundishwa kuliheshimu, lakini mafunzo yake yalichukulia kwamba mgonjwa anaweza kusema ndiyo akimaanisha ndiyo. Hapa palikuwa na mtu mwenye akili yake kamili ambaye neno lake halikuwa ushahidi. Kumhamisha kwa kutegemea neno hilo kungekuwa sawa na kumwamulia, na kumbakisha kwa kulipuuza kungekuwa sawa pia.

Suluhisho halikutoka katika vitabu vyake. Lilitoka katika sanduku la mbao chini ya kitanda, ambamo Mwalimu alihifadhi vifaa vyake vya kufundishia: karatasi za manila zenye picha alizochora kwa kalamu za rangi, nyumba, mgomba, soko, basi, kanisa, hospitali, mvua, ng'ombe. Kila picha ilikuwa na jina lake chini kwa hati safi. Daktari alipanga picha 4 mezani, akamwuliza anataka kuwa wapi, kisha akakaa kimya. Hakumsaidia. Hakummalizia. Alihesabu dakika kwa saa ya ukutani, na anasema kwamba katika miaka yake yote ya kazi hakuwahi kumngoja mgonjwa kwa muda mrefu namna ile. Mkono wa kushoto wa Mwalimu uliinuka, ukaisukuma picha ya basi hadi ikaanguka sakafuni. Kesho yake alizipanga upya kwa mpangilio tofauti, akageuza swali, na basi likaanguka tena. Siku ya tatu alimwita mwanawe mkubwa kwa simu ya video ashuhudie. Mwana alitazama mkono wa mamake ukifanya kazi yake, akasema, "Haya, tata. Nimeona."

Kubaki, hata hivyo, kulidai jambo moja. Maadamu ugonjwa usio na jina hupewa jina na watu, ilibidi Keumbu ipewe jina la ugonjwa huu kabla haijajitafutia la kwake. Kumficha mgonjwa kungekuwa kuulisha mnong'ono. Kwa hiyo Sabato iliyofuata Daktari alimpeleka mkewe kanisani katika kiti cha magurudumu, akaomba nafasi ya kusema baada ya ibada. Hakutaja Broca. Alianza na mambo ambayo wazee waliyajua. Aliwakumbusha ababari, waganga wa Kigusii waliopasua kichwa cha mtu aliyeumia na kuukwangua mfupa hadi maumivu yakatulia, na mgonjwa akaishi. Upasuaji huo uliwashangaza hata madaktari wa kigeni, mathalani Edward Margetts, aliyefanya kazi Nairobi katika miaka ya 1950 na kuandika habari zake. Baadhi ya wazee waliokuwapo waliwahi kuona makovu hayo vichwani mwa jamaa zao. "Babu zetu," akawaambia, "hawakumwita kila aliyeumwa kichwa omorogi. Walijua kuna kichwa cha kurogwa na kuna kichwa cha kupigwa. Huyu amepigwa kwa ndani. Maneno yote yamo, mlango ndio uliokwama. Mkimsalimu, ngojeni. Msimmalizie."

Kisha akaomba waimbe. Walipofika katikati ya ubeti wa kwanza, sauti ya Mwalimu ilisikika, na maneno yalikuwa kamili. Hakuna hotuba ambayo ingeweza kuwathibitishia zaidi kwamba maneno yamo.

Haifai kudai kwamba jambo hilo lilikomesha uvumi. Uvumi haukomeshwi kwa siku moja, na Daktari hadi leo haachi lango wazi usiku. Hata hivyo, alianza kumtoa mkewe kila siku ya soko, akamketisha kwenye kivuli karibu na wauza ndizi, watu wapite wamwone na wamwamkie. Watoto wa shule waligundua kwamba akiambiwa shikamoo huitika, wakaifanya desturi. Daktari naye amefungua daftari lenye safu tatu, Kiingereza, Kiswahili na Kigusii, ambamo huandika majina ya mambo aliyoyajua kwa lugha moja tu katika maisha yake ya kazi. Safu ya kwanza imejaa. Ya pili ina mapengo, na ya tatu ina mapengo zaidi. Kwa afasia ameandika neno lenyewe lililoswahilishwa, lakini kando yake ameongeza lile linalotumiwa na watu: kukwama kwa maneno. Anaamini kwamba istilahi ya kamusini itafaa darasani, nayo inahitajika. Inayomlinda mgonjwa ni ile iliyo midomoni mwa majirani. Kwa wale wanaosomea lugha na kuunda istilahi, huenda hapo pana kazi ya kufanywa pamoja na madaktari, na ianzie sokoni.

Yapo matumizi ya neno hilo aliyoyasikia kwa masikio yake. Mchuuzi mmoja mgeni, aliyekuja kununua mikungu, alimkazia macho Mwalimu aliposikia sauti zake, akamnong'oneza mwuzaji kwamba vibibi vya namna ile si vya kukaribiwa. Mama yule hakuacha kupanga ndizi zake. "Yule si mchawi," akamjibu. "Yule maneno yamemkwamia. Mwamkie, uone."

Mchuuzi alisita. Kisha akamwamkia.